Agabo Alionya, Antiokia Ikatenda

Somo la vikundi: kujiandaa kabla ya maafa
Soma: Matendo ya Mitume 11:25-30, Mwanzo 41:33-36, Kumbukumbu la Torati 22:8



Fungu letu la kwanza ni fupi sana, na wengi wetu hulipita upesi ili tufike kwenye habari ya Petro gerezani. Leo tulikalie kidogo. Manabii wametoka Yerusalemu na kufika Antiokia. Mmoja wao, jina lake Agabo, anasimama na kuonyesha kwa uongozi wa Roho kwamba njaa kubwa itakuja. Luka anatujulisha kwamba njaa hiyo ilikuja kweli, wakati Klaudio alipokuwa Kaisari. Na mara baada ya maneno ya Agabo anatueleza shauri walilolikata wanafunzi: kila mmoja atoe kadiri alivyo navyo, na mchango huo upelekwe kwa ndugu wa Uyahudi. Wakawatuma Barnaba na Sauli waukabidhi kwa wazee wa huko.

Sasa rudini nyuma kidogo, mpaka mstari wa 26. Hapo tunaambiwa kwamba ni Antiokia ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo tendo la kwanza tunalosomewa la watu walioitwa kwa jina hili letu ni kwamba walisikia habari ya maafa yanayokuja, wakafanya mchango.

Njaa ile yajulikana hata nje ya Biblia. Josephus, mwandishi wa historia wa Kiyahudi, ameeleza jinsi Malkia Helena wa Adiabene alivyotuma watu Misri kununua nafaka, na wengine Kipro kununua tini zilizokaushwa, ili watu wa Yerusalemu wapate chakula.

Tukiulizwa twajifunza nini kwa Agabo, wengi tutajibu kwamba twajifunza juu ya karama ya unabii. Ni kweli, lakini tazameni upande wa wasikilizaji. Onyo lile lingeweza kuishia pale pale kwenye kusanyiko, watu wakaitikia Amina, wakaenda nyumbani kula. Onyo halikuwa na mikono wala miguu. Watu wa Antiokia ndio walioupa unabii ule miguu ya kwenda Uyahudi.

Alhamisi ya Kenneth

Sisi wa pwani ya kusini hatuna Agabo, lakini tunayo Mamlaka ya Hali ya Hewa, na maonyo yake hutufikia kwa redio na kwa simu. Wengi mnaikumbuka wiki ya Pasaka ya mwaka 2019. Alhamisi tarehe 25 Aprili tuliambiwa kwamba kimbunga kilichopewa jina la Kenneth chakaribia Mtwara. Shule zikafungwa, kazi zikasimama, na wakaao mabondeni na ufukweni wakaagizwa wahame. Tuliwapandisha watu mpaka shuleni, pamoja na mikeka yao, sufuria zao, na kuku waliofungwa miguu. Baadaye tukasikia kwamba kimbunga kimeingia nchi kavu upande wa Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado. Huko watu walikufa, na kisiwa cha Ibo kikaharibiwa vibaya. Sisi kilitupita. Tukaimba, tukashukuru, tukarudi makwetu, na vijana wengine wakaanza kuwacheka wazee waliobeba magodoro.

Hapa yanipasa kuungama jambo. Alikuwako bibi mmoja, mshiriki wetu tangu utoto wake, aliyepooza upande wa kulia, akiishi na mjukuu wa miaka 7 huko chini karibu na mikoko. Mimi mwenyewe nilimpelekea Ushirika Mtakatifu kila mwezi; njia ya kwenda kwake naijua hata gizani. Siku ile ya kuhama hakuna aliyekwenda kwake. Wazee wa kanisa walidhani Umoja wa Mama wamemchukua. Akina mama walidhani jirani zake wamemchukua. Jirani zake walikuwa na watoto wadogo watano na mama mja mzito, wakaondoka kila mkono umeshika mtoto. Mimi sikudhani lolote, sikumkumbuka kabisa. Kesho yake nilipopiga hodi alinikaribisha kwa upole kama siku zote, akaniambia, “Baba Padre, jana nilisikia watu wengi wakipita. Nikafikiri kuna msiba, nikamwambia mtoto atulie tusali.”

Kimbunga hakikuja, kwa hiyo hakuna aliyeandika habari hii mahali popote. Tulifanyiwa mtihani bila kupata adhabu, na tulishindwa. Hatukushindwa kwa kukosa onyo, maana onyo tulilipata mapema. Hatukushindwa kwa kukosa upendo pia, maana bibi yule alipendwa na watu wote. Tulishindwa kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeambiwa kabla, kwa jina lake: siku ya hatari wewe utakwenda katika mlango ule.

Bahari ya siku hizi

Wengine huuliza kama mambo haya ni mapya kweli. Vimbunga vyenyewe si vipya. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang’oa mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini, wakati Pemba ilipata nafuu. Tarehe 15 Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi, na watu zaidi ya 30 walikufa. Lakini vichache sana hutufikia, kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako ile nguvu inayoufanya upepo uzunguke ni ndogo.

Kilichobadilika ni joto. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta, wa viwanda na magari kwa miaka mingi, umeifunika dunia kama blanketi, na bahari yetu inaongezeka joto. Bahari yenye joto ndiyo chakula cha kimbunga. Tena hewa ikizidi joto kwa digrii 1 huweza kubeba mvuke wa maji karibu asilimia 7 zaidi, na mzigo huo ukimwagika humwagika kwa wingi mahali pamoja. Katika msimu ule ule wa Kenneth, mwezi Machi 2019, Idai ilikuwa imekwisha kuupiga mji wa Beira. Zaidi ya watu 1,000 walikufa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Mwaka 2023 Freddy alizunguka baharini zaidi ya mwezi mzima kabla ya kumaliza nguvu zake juu ya milima ya Malawi. Kisha Mei 2024, wakati ambapo msimu wa vimbunga kwa kawaida umekwisha, ikaja Hidaya kwetu. Nitarudi huko.

Watu waliopita darasa hili mbele yetu

Kwanza twende mbali kidogo, mpaka Bangladesh. Ni nchi ya watu wengi, tambarare, mito mingi, na bahari iko mlangoni. Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, wakati nchi hiyo ilipokuwa bado ni Pakistan ya Mashariki, kimbunga kilisukuma maji ya bahari juu ya visiwa na vijiji. Hesabu ya waliokufa haikuwahi kupatikana kamili, lakini husemwa kuwa hawapungui 300,000. Habari za kimbunga zilikuwa zimetangazwa. Wengi waliozisikia hawakujua ukubwa wa hatari, na wengi hawakuwa na mahali pa kukimbilia.

Baada ya hapo, kuanzia mwaka 1972, watu wa Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo (siku hizi huitwa Hilali Nyekundu) pamoja na serikali walianza jambo ambalo kwa macho ni dogo. Walichagua watu wa kujitolea katika kila kijiji, wakulima na wavuvi na walimu, wakawapa redio, kipaza sauti, king’ora cha kuzungusha kwa mkono, na bendera. Hatari ikikaribia bendera huongezwa, moja, mbili, tatu, na kila mtoto ajua maana yake. Kisha watu hao hupita mlango kwa mlango. Misikiti nayo hutangaza kwa vipaza sauti vyake. Leo watu hao wa kujitolea ni zaidi ya 70,000, na nusu yao ni wanawake.

Hiyo habari ya nusu kuwa wanawake ina historia chungu. Tarehe 29 Aprili 1991 kimbunga kingine kiliua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Sababu zilipotafutwa ilionekana kwamba wanawake wengi walibaki nyumbani wakisubiri mume arudi atoe ruhusa. Kwamba waliona haya kulala katika jengo moja na wanaume wageni. Kwamba walikuwa na watoto wa kubeba, na nguo ndefu zilizowazuia majini. Onyo lililotolewa na wanaume kwa wanaume barazani halikuingia jikoni. Kwa hiyo walitengeneza vyumba vya wanawake katika majengo ya kukimbilia, na wakawafunza wanawake kubeba onyo wenyewe. Hata ng’ombe walifikiriwa. Maana iligundulika kwamba mtu maskini haachi ng’ombe wake pekee, hata bahari ikija. Basi wakainua vilima vya udongo ili mifugo ipande juu. Napenda sana busara hii. Hawakumhubiria yule mtu kwamba uhai wake ni bora kuliko ng’ombe. Walimjengea ng’ombe kilima.

Mwaka 2007 kimbunga Sidr kiliua watu zaidi ya 3,000. Mei 2020, katikati ya ugonjwa wa korona, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa mbele ya kimbunga Amphan, na waliokufa Bangladesh walihesabiwa kwa makumi. Vimbunga hivi havikuwa na nguvu sawa, wala havikupiga mahali pamoja, kwa hiyo tusizichukue hesabu hizi kama mizani ya dukani. Hata hivyo, kutoka 300,000 mpaka makumi, katika nchi iliyo maskini, si bahati tu.

Watu husifu majengo yao ya saruji, nami nayasifu, kwa kuwa siku za kawaida ni shule, na jengo linalotumika kila siku halibomoki kwa kusahauliwa. Lakini sisi hatuna fedha za majengo kama hayo. Tunachoweza kukichukua kwao bila fedha ni yule mtu mwenye kujua mlango wake.

Daftari

Baada ya Pasaka ile Umoja wa Mama walianza daftari. Ni daftari la kawaida la shule. Kila jumuiya ina ukurasa wake, na humo wameandikwa wasioweza kutembea, wasiosikia, wasioona, wazazi wenye watoto wachanga, na wanaotumia dawa za kila siku ambazo hazifai kukosekana hata usiku mmoja. Mbele ya kila jina yameandikwa majina mawili ya watu watakaomwendea. Mwanzoni tuliandika jina moja. Akina mama ndio waliosema kwamba mmoja aweza kuwa shamba siku hiyo, na walikuwa na haki. Jirani zetu Waislamu wamo humo kama sisi, kwa sababu maji hayaulizi mtu anasali wapi. Tulizungumza na imamu, tukakubaliana kwamba tangazo likija litatoka msikitini na kanisani kwa maneno yale yale, na kwamba kengele ya hatari itapigwa haraka haraka bila kupumzika, ili isichanganywe na kengele ya ibada wala ya msiba. Mwenyekiti wa kijiji anayo nakala.

Ilipofika Mei 2024 tukatangaziwa Hidaya. Wengi walisema, “Itakuwa kama Kenneth.” Nadhani hili ndilo gumu kuliko yote. Onyo likikosea mara moja watu hulichoka. Lakini anayetangaza kimbunga hawezi kujua hakika, siku mbili kabla, kitageukia wapi. Akisubiri mpaka ajue hakika, atakuwa anatangaza msiba. Gharama ya kutii onyo lisilotimia ni kulala usiku mmoja kwenye mkeka shuleni, na kuchekwa kidogo. Tarehe 4 Mei Hidaya ilifika Mafia. Huku kwetu ilileta upepo na mvua nyingi, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Somanga. Watu waliokuwa katika daftari letu walifikiwa wote, ila mzee mmoja alikataa katakata kutoka, akisema amezaliwa humo. Kijana aliyepewa jina lake alikaa naye usiku kucha. Sikumwagiza afanye hivyo, wala sijui kama ningemruhusu.

Yule bibi hakuyaona haya. Alilala katika Bwana mwaka 2022. Jina lake bado liko katika ukurasa wa kwanza. Akina mama hawakutaka likatwe.

Kukatika kwa barabara kulitufundisha jambo jingine. Siku za kwanza hakuna lori la msaada. Tulicho nacho ndicho tutakachokula. Hapa ndipo Yusufu anapotufaa: katika miaka ya shibe alishauri sehemu ya tano iwekwe. Hatusemi mkulima mwenye korosho kidogo atoe sehemu ya tano. Lakini wakati wa mauzo ya korosho fedha hupita mikononi mwetu, na miezi mitatu baadaye hatujui zilikwenda wapi. Kikundi kikikubaliana kuweka makopa ya muhogo, maharage, chumvi, mafuta ya taa na dawa ya kutibu maji, mahali pakavu penye funguo mbili kwa watu wawili, ni akiba ya kutosha kwa siku hizo za kwanza. Na mwaka wa ukame akiba ile ile itafaa, maana mvua zetu siku hizi hukosea kwa pande zote mbili.

Juu ya nyumba, isomeni tena ile sheria ya Kumbukumbu la Torati. Mwenye kujenga aliamriwa aweke ukuta pembeni mwa dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba. Mungu hakusema tu, “Muwe waangalifu.” Alitaja kipimo cha ujenzi! Dari zetu si za kutembelea, lakini bati letu likichukuliwa na upepo laweza kumkata jirani. Ni misumari michache na waya mnene wa kufunga kenchi mpaka ndani ya ukuta. Fundi akikuambia si lazima, mwambie kwamba imeandikwa. Na mikoko tunayoikata kwa kuni na kwa kupanua mashamba ya chumvi ndiyo ukuta wa pembeni wa kijiji kizima, kwani huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajatufikia.

Maneno yanayosemwa

Yako maneno mawili nimeyasikia hata ndani ya kanisa. La kwanza: Mungu alimwahidi Nuhu kwamba hapatakuwa tena na gharika, kwa hiyo kujiandaa ni kukosa imani. Someni vizuri Mwanzo 9. Ahadi ni kwamba maji hayataangamiza tena kila chenye mwili. Haikuahidiwa kwamba bonde halitajaa. Na Nuhu huyo huyo alijenga safina kabla ya tone la kwanza.

La pili ni kwamba waliopatwa wamepatwa kwa dhambi zao. Bwana wetu alilijibu hilo katika Luka 13, juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara Siloamu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliposhuka Mlima Hanang na kuwazika watu wa Katesh na vijiji vya jirani, hawakuwa wenye dhambi kuliko sisi. Tukitafuta wakosaji wa joto hili, wengi wako mbali. Bara letu zima hutoa sehemu ndogo sana ya moshi wa dunia, karibu asilimia 4, na wanaonufaika na moshi huo hawakai karibu na mikoko yetu. Ni haki kulisema hilo kwa sauti, na Kanisa lilisema. Lakini nchi kubwa zikilipa au zisipolipa, atakayembeba mtu mgongoni kumpandisha kilimani ni jirani yake.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika Matendo 11 kila mtu alitoa kadiri alivyo navyo. Katika jumuiya yenu nani ana baiskeli, nani ana mtumbwi, nani ana simu yenye chaji siku zote, nani ana mgongo wenye nguvu?

2. Mwaka 1991 onyo halikuingia jikoni huko Bangladesh. Kwetu hutangazwa wapi, saa ngapi, na nani hayupo hapo wakati huo?

3. Watu walikataa kuondoka kwa ajili ya ng’ombe. Kwetu watu watakataa kuondoka kwa ajili ya nini? Msiseme wajinga, tafuteni kile kilima cha kuwajengea.

4. Nani katika jumuiya yenu hataisikia kengele? Majibu ya swali hili yasibaki mdomoni. Yaandikwe, pamoja na majina mawili mbele ya kila jina, yaletwe kwa akina mama wanaotunza daftari kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Waliokufa na waliohama tutawaonyesha siku hiyo, na waliozaliwa tutawaongeza.